Fremu za maana ya jina pale Mwanga, Kigoma: fundi yuko vizuri sana, maandishi yasomeni kwanza

Nimeona watu wengi wanaulizia hizi fremu za maana ya jina zinazotengenezwa hapa Kigoma mjini, zile za mbao zenye jina la mtoto kwa herufi kubwa alafu chini yake asili ya jina na maana, watu wanazipeleka kwenye ubatizo, arobaini, kipaimara, mpaka harusini. Mi nimechukua moja kwa ajili ya ubatizo wa binti wa kaka yangu na nina mengi ya kusema. Kwa wenye haraka: kazi ya mbao na uchapaji ni ya juu kabisa, sijaona kitu kizuri hivi hapa mjini kwa bei hii, ila yale maandishi ya maana ya jina usiyaamini mpaka uyasome mwenyewe. Duka silitaji, maana wanaofanya hii kazi pale Mwanga wapo kadhaa na nilivyozunguka kuuliza nikaona wote maandishi wanayachota kisima kimoja, kwahiyo shida si ya mtu mmoja.

Nianze na fremu yenyewe, haki ya mtu nimpe. Ndogo ya A4 ni elfu 25, kubwa ya A3 elfu 40, unatanguliza nusu kwa simu na nyingine siku ya kuchukua. Mbao ni mninga, mninga kweli, sio ile plastiki ya rangi ya dhahabu inayokuja kwenye makontena na kupauka kabla mtoto hajaota meno. Fundi yuko uani nyuma ya duka, mzee wa makamo, haongei sana. Nilimkuta anapiga msasa kwa mkono, kwanza ule mkali, alafu laini, anapuliza vumbi, anapitisha kidole gumba kwenye kona huku kafumba macho, akisikia kaukingo kadogo tu anarudia upya. Zile kona nne zimeungana mpaka mstari huuoni, unaona tu mishipa ya mbao inavyobadilisha njia. Vanishi kaipaka nyembamba, haijajaza, kioo kimekaa hakichezi, nyuma kuna kadibodi ngumu imepigwa vimisumari na pembeni pamebandikwa karatasi ya gundi kuzuia vumbi na mende, na ndoano ziko mbili sio moja, kwahiyo ukutani haikai upande. Kwa kweli mzee anaheshimu kazi yake, na nilimwambia hivyo hivyo mbele ya tajiri wake.

Uchapaji nao safi. Karatasi nzito ya krimu, wino haujasambaa, herufi za jina zina mikia mizuri.

Sasa twende kwenye maandishi.

Mtoto kabatizwa Astrida. Ni jina la bibi yake, yaani mama yangu mzazi, na kwetu mjukuu wa kike wa kwanza kubeba jina la bibi ni kitu kinachofanyika bila hata kikao. Siku ya kuchukua mzigo kijana wa kaunta kanipokea vizuri, shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu (nafundisha historia sekondari, vijana wengi wa hapa mjini wamepita darasani kwangu), kaifungua ile karatasi ya kaki, fremu inang'aa, nikavaa miwani nikasoma. "ASTRIDA. Asili: Kigiriki. Maana: Nyota. Ni mtu mwenye upendo, mchapakazi, anapenda kusafiri. Rangi yake ya bahati ni bluu."

Nikamwambia mwanangu, hapa hapajakaa sawa. Akasema mwalimu hiyo ndo maana yake, nimeitoa intaneti, na wateja wote wakipewa nyota wanafurahi. Sikumgombeza, kijana ana adabu na alikuwa tayari kunisikiliza, nikavuta stuli nikakaa nikamweleza, na hayo niliyomweleza ndo nayaandika hapa kwa sababu najua kuna akina Astrida wengi tu huku kwetu, Kasulu, Kibondo, Manyovu, Ujiji, na kuna watu watapewa nyota hiyo hiyo.

Jina hili sio la Kigiriki. Ni la kaskazini ya mbali Ulaya, Norway, Sweden, Denmark, Iceland, na kwa lugha yao ya kale lilikuwa linaandikwa Ástríðr. Ile herufi ya ajabu ð ni dh yetu kabisa, dh ya dhahabu, kwahiyo Mswahili analitamka jina la kale kuliko hata Waingereza wengi wanavyoweza kulisoma. Limeungwa kwa vipande viwili. Cha kwanza ni áss, maana yake mungu, mmoja wa miungu yao ya zamani kabla ya Ukristo, akina Odin na Thor. Cha pili ni fríðr, yaani mzuri wa kupendeza, mpendwa. Ukiunganisha unapata mtu mzuri kama walivyo miungu, mwenye uzuri wa kimungu. Ile f imemezwa njiani, na t ikajipenyeza kati ya s na r kurahisisha ulimi, ndo ikawa Astrid.

Nyota inatoka wapi basi? Inatoka kwenye kufanana kwa sauti tu. Kigiriki nyota ni aster, Kilatini astrum, mtu akisikia Astr mwanzoni anaruka moja kwa moja kwenye nyota na biashara imeisha. Kuna wengine wanakosea kwa upande mwingine, wanasema maana yake upendo, kwa sababu kwenye lugha hiyo hiyo ya kale kuna neno ást lenye maana ya mapenzi. Hilo kosa nalielewa zaidi maana angalau wapo kwenye nyumba sahihi, ila mlango sio wenyewe.

Na Ugiriki haiko mbali kabisa na jina hili, ila ni kwa habari tofauti na ya nyota. Huko Sweden, Täby, kaskazini ya Stockholm, kuna mawe makubwa yaliyochongwa maandishi ya kale miaka ya 1000 na kitu, na kwenye mojawapo mwanamke anaitwa Estrid, ambalo ni hili hili Astrid kwa matamshi ya pale, anasema aliyasimamisha mawe hayo kwa kumbukumbu ya mume wake Östen, aliyekwenda Yerusalemu akafia Ugiriki. Hebu fikirieni, mjane wa karibu miaka elfu moja iliyopita, mume kafia ng'ambo, kaburi hana la kwenda kulilia, anaita mafundi wachonge jina la mume na la kwake kwenye jiwe, na jiwe lipo mpaka leo. Mi nilivyomsimulia mama yangu hiyo habari alikaa kimya kidogo alafu akasema huyo ni Astrida kweli. Stori ya namna hii ndo ya kuweka kwenye fremu, sio rangi ya bahati.

Denmark nao walishikilia hiyo ya kuanza na E. Kuna Estrid dada yake mfalme Knud, yule aliyetawala Denmark na Uingereza, na mtoto wa huyo Estrid akawa mfalme mwaka 1047, anaitwa Svend Estridsen, yaani Svend mwana wa Estrid. Mfalme mzima anaitwa kwa jina la mama! Sababu ni kwamba haki ya kiti ilikuja kwa upande wa mama, damu ya kifalme ilikuwa ya Estrid, baba wa Svend alikuwa mtu mkubwa lakini sio wa ukoo wa kifalme. Darasani nikifika kwenye mambo ya ukoo kufuata upande wa mama wanafunzi wanadhani ni habari za Afrika peke yake, huyu Svend ni mfano mzuri wa kuwapa.

Iceland wao hawajabadilisha sana, mpaka leo ni Ástríður. Norway utasikia Astri, d ya mwisho hawaisumbukii. Na kule Latvia na Lithuania, ng'ambo ya bahari ya Baltiki, jina linaisha na a kama letu kabisa, Astrida, tofauti ni kwamba Walatvia wanaivuta ile i kidogo. Kijana wa kaunta akaniuliza kwahiyo mwalimu sisi tumelitoa Latvia? Swali zuri. Hapana, letu limetoka karibu sana, na hapa ndo ninapotaka watu wa Kigoma mtulie msome.

Mwaka 1905 Stockholm alizaliwa binti wa kifalme wa Sweden akaitwa Astrid. Mwaka 1926 akaolewa na Leopold, mtoto wa mfalme wa Ubelgiji. Mwanzoni mwa 1934 mfalme Albert, baba mkwe wake, akafa kwa kuanguka akipanda miamba, Leopold akakalia kiti na Astrid akawa malkia. Hakufika mbali. Tarehe 29 Agosti 1935 walikuwa mapumzikoni Uswisi, mfalme mwenyewe ndo kashika usukani, gari likaacha barabara karibu na Küssnacht, kando ya ziwa, malkia akafa pale akiwa na miaka 29 na watoto watatu wadogo. Ubelgiji nzima ililia, alikuwa anapendwa sana na watu wa kawaida. Na Ubelgiji wakati huo ndo walikuwa wanatawala Kongo, na Ruanda na Urundi ziko chini yao, yaani majirani zetu wote wa ng'ambo ya ziwa na wa juu ya milima. Wakauita mji mmoja wa Ruanda Astrida kwa kumkumbuka. Mji huo ni Butare, walirudisha jina la Butare mwaka 1962 baada ya uhuru, na sasa hivi eneo hilo linaitwa Huye.

Na Astrida haukuwa mji wa kupita tu. Kulikuwa na shule kubwa ya mabruda pale iliyoanzishwa mwaka 1929, ikaja kujulikana kama Groupe Scolaire d'Astrida, ndo ilikuwa inatoa makarani, wasaidizi wa matabibu, wa mifugo, wa kilimo, kwa Ruanda na Urundi zote mbili. Waliosoma pale walikuwa na jina lao kabisa, waliitwa Astridiens, na ukisema fulani katoka Astrida watu walikuwa wanamsogezea kiti. Prince Louis Rwagasore wa Burundi, yule aliyekuwa rafiki wa Mwalimu Nyerere na akauawa Oktoba 1961, alipita shule hiyo. Kwahiyo miaka ya 40 na 50 mtu wa Urundi akimwita binti yake Astrida wala hakuwa anawaza Norway, alikuwa anawaza shule, elimu, mji wenye taa, na malkia aliyekufa kijana. Babu yangu mzaa mama alisomea usaidizi wa tabibu pale. Binti yake alipozaliwa akampa jina la mji uliomfanya mtu. Binti akakua, akaolewa Manyovu huku kwetu, jina likavuka nalo mpaka, na sa hivi limefika kwa mjukuu aliyezaliwa Kigoma mjini. Hiyo a ya mwisho tumeipata kwa jina la mji, na hata isingekuwepo midomo yetu ingeiweka tu, maana sisi neno kuliachia kwenye d linatusumbua, muangalie Daudi.

Haya yote nilikuwa namweleza yule kijana na watu wawili waliokuja kutoa fotokopi wakasimama wakasahau fotokopi. Mmoja ni Bizimana na hapo ndo mambo yakanoga. Nikamuuliza Bizimana we jina lako maana yake unaijua, akasema ndio mwalimu, Mungu ndiye ajuaye. Sasa ona. Kiha na Kirundi tuna majina yenye Imana, yaani Mungu, ndani yake, Bizimana, Hakizimana yaani Mungu ndiye anayeokoa, na wale watu wa barafu huko walikuwa wanafanya hivyo hivyo, wanachukua neno la mungu wanaliunga na sifa, wanampa mtoto. Hawajawahi kuonana na Waha hata siku moja. Mi jambo hilo linanigusa sana, na ndo maana nyota ya kunakili iliniuma.

Baba mkwe wa kaka yangu ni mzee wa kanisa, nilivyopeleka habari nyumbani akashtuka kidogo. Akaniuliza kwa upole, mwalimu, unataka kuniambia mjukuu wangu kabatizwa kwa jina la miungu? Nikamjibu baba, usiwe na shaka, jina limeshabatizwa muda mrefu kabla yetu. Olav Haraldsson, mfalme wa Norway aliyekufa vitani Stiklestad mwaka 1030 na akaja kuheshimiwa kama mtakatifu, mke wake alikuwa anaitwa Astrid, binti wa mfalme wa Sweden. Mtu aliyeisukuma Norway kwenye Ukristo kuliko wote, mkewe ana jina hilo, na hatusikii kwamba walimwambia abadilishe. Na Waingereza mpaka leo siku yao ya Alhamisi ina jina la Thor na Wakristo wao wanaitaja kila wiki. Alafu nikamuongezea, baba, mdogo wako si anaitwa Oswald? Ile Os ya mwanzo ni neno hilo hilo la áss kwa Kiingereza cha kale, Oswald ni uwezo wa kimungu, na hakuna padri aliyewahi kumzuia kukomunika. Mzee akatikisa kichwa akasema basi sawa, andika mpendwa wa Mungu. Nikaona ni tafsiri ya imani, sio ya kamusi, ila ya kamusi ikikaa juu na ya mzee ikikaa chini zote zinaweza kuishi kwenye fremu moja.

Turudi dukani. Tajiri alipoambiwa alikubali kuchapa upya, hakulalamika, alinichaji karatasi na wino tu elfu 5, fremu ikabaki ile ile. Nilikuwa naona angenifanyia bure kwa sababu kosa limetoka kwao, na nilimwambia, akasema printa ya rangi inakula wino. Hapo pointi nimewakata. Lakini kijana alijituma. Nilimwandikia kwa wasap maneno yote, akayaweka, tukachapa ya kujaribu kwenye karatasi ya kawaida, na pale penye ð pakatoka kiboksi kitupu. Ástrí-kiboksi-r. Ile fonti yenye mikia mizuri haina herufi hiyo. Akahangaika, akajaribu nyingine ikatoa ð lakini á ikapoteza alama ya juu, akajaribu nyingine tena, mwisho akapata moja iliyo nayo zote, haina mikia, imesimama wima kama herufi za kitabu, na kusema ukweli ni nzuri zaidi kwa neno la kale. Jina ASTRIDA lenyewe tukaliacha kwenye ile ya mikia. Kwahiyo sasa fremu inasomeka hivi:

"ASTRIDA. Kutoka Ástríðr (tamka Aastriidhr), lugha ya kale ya Norway na Iceland: áss, mungu, na fríðr, mzuri, mpendwa. Estrid huko Denmark, Ástríður huko Iceland, Astrīda huko Latvia. Jina la malkia, jina la mji, jina la bibi. Mpendwa wa Mungu."

Ile ya Latvia ina kamstari juu ya i, na fonti hiyo hiyo ikakakubali. Mama yangu kasoma kwa kidole mstari kwa mstari, alipofika kwenye jina la mji akamtaja baba yake.

Sasa nisiwaonee, maana sampuli nyingine zilizoning'inia pale dukani niliziangalia moja moja na sio zote mbovu. Za Kiswahili na Kiarabu ziko sawa, Neema, Rehema, Baraka, Zawadi, Salma, kwa sababu hizo kila mtu hapa Ujiji anazijua, ukikosea mteja wa kwanza tu atakurudishia. Kulikuwa na Erick, imeandikwa mtawala wa milele, hiyo iko vizuri, Erik nalo limetoka kule kule kaskazini, Eiríkr, ríkr ndo mwenye utawala na ei ni daima, wengine wanasema ni mmoja, wa peke yake, zote mbili zinakubalika. Ila wameandika asili Kiingereza na hapo sio, Kiingereza kililipokea tu. Kulikuwa na Olga, imeandikwa asili Kirusi, maana mtakatifu. Maana iko sahihi kabisa, asili wamesimamia katikati ya safari, Olga ni Helga, jina la watu wa kaskazini lenye maana ya mtakatifu, waliposhuka kwa mito mpaka Kiev likageuka kwenye midomo ya Waslavi likawa Olga. Kina Ingrid na Sigrid nao wana kile kipande cha fríðr mwishoni, Ingrid ni uzuri pamoja na Ing, mungu wao mwingine, Sigrid ni uzuri na ushindi. Kama una mtoto mwenye jina mojawapo nenda na haya mkononi.

Ninachokataa kabisa ni yale ya chini, tabia na rangi ya bahati. Fremu ya Erick na fremu ya Salma zina maneno yale yale, mwenye upendo, mchapakazi, anapenda kusafiri. Mtoto wa miezi mitatu anapenda kusafiri wapi. Hiyo nafasi ni dhahabu, weka jina la aliyempa jina, weka kijiji, weka jina la bibi, hivyo ndo vitu mtoto atakuja kuviuliza akikua. Nimemwambia tajiri ana kwa ana na kasema atafikiria, maana wateja wengine wanayapenda hayo ya rangi, na biashara ni yake.

Na lingine, wasiojua, hawa vijana wa stesheneri hawafanyi kwa ubaya. Hakuna kitabu cha majina kwa Kiswahili kinachofika kirahisi hapa mwisho wa reli, wanaandika jina kwenye simu, linatokea la kwanza, wanalitafsiri, wanabandika. Na zile kurasa za majina nyingi zinanakiliana, kosa moja linazaa mia. Tofauti ni kwamba kwenye simu kosa linapita, kwenye mninga na kioo litakaa ukutani mtoto anakua analisoma kila asubuhi akienda shule, akienda nalo kwa watu anawaambia mimi ni nyota kwa Kigiriki, siku moja atakutana na mtu anayejua. Ndo maana nimekazania hivi. Jina la mtu sio tangazo la biashara.

Kuhusu muda, waliniahidi siku tatu ikazidi, sababu umeme ulikatika na mashine ya kukatia kona inahitaji umeme. Hilo nimewasamehe, nyie mnajua hali. Lakini wangepiga simu. Nilitoka Ujiji na bajaji kwa ajili yao nikakuta bado, na hapo nilikuwa na ubatizo Jumapili. Kwa mwenye shughuli, agiza mapema kuliko unavyodhani inatosha.

Wanasafirisha pia, wa Kasulu na Kibondo wanatumiwa kwa basi, wanaifunga na boksi na nailoni yenye viputo vya hewa, dada yangu mmoja wa Kasulu alipokea ya kwake kioo kizima. Kwa wa Tabora wanatuma na treni lakini huko sina uzoefu nako.

Mi nawapa 3 na nusu kati ya 5. Mbao na kioo peke yake ningewapa 5 bila kufikiri, uchapaji 4, maandishi 1, mapokezi 4. Ukienda fanya hivi: usikubali wakuwekee maana wanayoijua wao, andika ya kwako umtumie kijana kwa wasap, kama jina lina herufi ngeni mwambie ajaribu fonti kwanza, mwambie achape kwenye karatasi ya kawaida uisome ukiwa umekaa, uipigie simu nyumbani wazee waisikie, ndo waingize kwenye kioo. Nusu ya mwisho ya hela usitoe kabla hujasoma. Na ukifika uani msalimie fundi vizuri, ukimwambia ni ya mtoto wa ubatizo anakuchagulia mbao yenye mishipa iliyotulia. Jumapili wanafunga, Jumamosi wapo mpaka saa mbili usiku.